Televisheni Zilizomficha Mama Duka

Wiki iliyopita nilikaa sakafuni, juu ya shuka jeupe, katika ukumbi wa jumuiya ya Wahindu mjini Mbeya, viatu vyangu nimeviacha mlangoni pamoja na vya wengine. Mbele yetu palikuwa na picha ya marehemu Mzee Kanti imevishwa shada la maua ya manjano. Alikuwa anaitazama kamera kama mtu anayekagua mzigo kabla hajatia sahihi, na nusura nicheke. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni wa nyumbani au wa kazini. Nilikosa jibu fupi. Nilifanya kazi kwa Mzee Kanti mwaka mmoja tu, kwenye duka lake la Iringa, na kazi yenyewe ukiieleza inakuwa kama mzaha: nililipwa kutazama televisheni. Nikamwambia ni wa kazini. Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea sahani ya sukari guru. Lakini tangu siku ile jibu refu linanikaa kooni, na njia ninayoijua ya kulitoa ni kuliandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na nilikuwa na nusu ya riwaya ambayo hakuna mtu aliyeniomba niiandike. Nilikwenda Iringa kwa sababu rafiki alinipa kitanda, na niliingia dukani kwa Mzee Kanti kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mlango: Anatakiwa mtu anayejua kueleza. Haikusema kueleza nini. Mzee alikuwa mfupi, mwenye sweta la kahawia na kofia ya sufu, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa baridi na upepo wa Iringa hauna adabu, unapita hata penye ukuta. Hakuniuliza cheti. Aliwasha televisheni iliyokuwa karibu, bibi harusi akapita kwenye kioo, akaniuliza naona nini. Nikasema picha ni nzuri. Akatikisa kichwa.

"Nzuri ni neno la mteja," akasema. "Yeye ana haki nalo, analipia. Wewe niambie unaona nini."

Nikatazama tena, safari hii kwa hofu. Nikasema gauni ni jeupe lakini sioni mshono wala ua, ni kama dada wa watu amepakwa chokaa. Na wasimamizi nyuma yake, vijana wenye suti nyeusi, ni kama suti zimesimama zenyewe, hazina watu ndani. Mzee akamgeukia Fundi Chavala, aliyekuwa anachomea waya kwenye meza ya pembeni, akamwambia aniletee kiti. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Chavala alileta kiti akiniuliza jina, na nilipomwambia Tusajigwe, jina la Kinyakyusa, akaguna kwamba sasa duka limeingiliwa na watu wa ndizi. Nikamjibu kwamba heri ndizi kuliko pombe ya ulanzi ya kwao Iringa, maana ndizi hailazi mtu njiani. Akanipangusia kiti kwa kiganja. Mpaka leo hajawahi kuniita kwa jina lolote ila Ndizi.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kilichopakwa rangi ya kijivu kila upande, mpaka dari. Wageni walidhani ni stoo. Mzee alisema ukuta wenye rangi ni mchonganishi, unayaambia macho uongo kuhusu sura za watu, na kwa hiyo alitafuta rangi isiyo na maneno. Palikuwa na pazia zito la sufu, taa ndogo iliyofichwa nyuma ya meza ili macho yasichoke, sofa moja mbele, na kigoda pembeni kabisa karibu na ukuta. Kile kigoda kiliitwa cha shangazi. Kila nyumba ina shangazi, Mzee alieleza, anayefika wakati sofa limejaa, akakaa upande. Kuna televisheni ambazo kwa baba wa nyumba ni nyekundu na kwa shangazi ni kijivu, na huo ni ubaguzi. Kila televisheni mpya kutoka Dar es Salaam ilipita humo kabla haijapangwa dukani. Kwanza tuliivua nailoni. Wenzetu wengi, Iringa na Mbeya, huiacha ile nailoni ya kiwandani kwenye kioo mpaka ikunjamane kama jani kavu, kwa sababu kuibandua ni kuanza kukizeesha kitu. Mzee aliibandua kwa mkono mmoja, fya, na Chavala kila mara aligeuza uso kama anayeona kuku anachinjwa, akinong'ona kwamba Mzee ameshaigeuza mtumba. Kisha tuliiondoa kwenye mpangilio wa dukani, ule ambao kiwanda huuweka ili rangi zipige kelele kuliko za jirani yake kwenye rafu. Kisha tuliiacha ipate moto, nasi tukanywa chai.

Chai ile ilikuwa na tangawizi na pilipili manga, na ndiyo darasa langu la kwanza. Hapo Mzee alinieleza zile herufi tatu, HDR, zilizokuwa zimeanza kujaa kwenye maboksi, kubwa, za dhahabu, ambazo wateja walizisoma kama wanavyosoma jina la dawa. Alisema picha za zamani zilikuwa nyumba ndogo. Jua likiingia, kivuli kinatoka. Ukitaka kumwona mtu aliye chini ya mti, anga linageuka chokaa. Ukitaka mawingu, mtu anageuka shimo. Herufi tatu ni ahadi kwamba nyumba imepanuliwa, jua na kivuli vitalala humo vyote viwili na hakuna atakayemfukuza mwenzake. Lakini boksi ndilo linaloahidi, na kioo ndicho kinacholipa. Televisheni dhaifu ikiletewa picha ya namna hiyo inafanya kama mtu aliyealika wageni kuliko sahani zake: inampunguzia kila mtu, na wote wanabaki gizani.

Viwanda hutoa filamu za kuonyeshea. Asali inamwagika, kinyonga anafumbua jicho, majiji yana taa. Mzee hakuzitaka. Siku ya posa kila mtu ana adabu, alisema. Yeye alikuwa na filamu yake mwenyewe, fupi kuliko kikombe cha chai, na ilipigwa Tosamaganga kwenye jubilei ya sista mmoja rafiki wa familia. Aliyeipiga ni Bupe, binti wa Mbeya anayeishi kwa kupiga video za harusi na sendofu. Ni saa sita mchana. Masista na kwaya wanatoka kanisani kuingia kwenye jua, nguo nyeupe, nyuso nyeusi, na nyuma yao mlango wa kanisa umeachwa wazi, giza tupu. Ndani ya giza hilo, hatua moja tu kutoka kizingiti, amesimama mke wa Mzee. Jina lake Hansa, lakini Iringa yote ilimwita Mama Duka. Ameshika kandambili zake mkononi. Watu wote waliingia kanisani na viatu, ila yeye hakuweza kukanyaga nyumba ya sala na viatu, hata kama Mungu wa humo si yule wa nyumbani kwake. Kwa hiyo alichelewa kutoka. Wiki chache baadaye alijilaza mchana akiwa hana hata homa, na hakuamka.

Mzee aliniambia haya siku ya kwanza, bila kuzunguka, huku akiniwekea sukari. Katika filamu ile inasikika sauti yake mwenyewe kutoka uani, anamwita mkewe aje wapigwe picha ya pamoja. "Hansa!" Na kule gizani, mahali uso unapopaswa kuwa, kitu kinacheza. Midomo. Kisha kwaya inapandisha wimbo na filamu inakatika.

"Nilimwita, akanijibu," Mzee alisema. "Alijibu nini sijui. Nilikuwa mbali, na baadaye nani anamwuliza mke wake ulisema nini pale mlangoni? Sasa nataka nione."

Nilimkumbusha kwamba picha za Mama Duka zilijaa nyumbani, nyingine zimewekewa fremu. Akasema zile alipigwa. Katika hii yuko.

Kwa hiyo tulikuwa na sehemu tatu za kutazama, na mwaka mzima sikutazama kingine: nyeupe, uso, mlango. Nyeupe ilikuwa shela ya sista mzee anayetangulia; je, nyuzi zinaonekana au ni bati? Uso ulikuwa wa waimbaji. Je, kila mmoja ana weusi wake, au wote wamechovywa kwenye sufuria moja? Halafu mlango. Nilijifunza kuyapa mambo majina ya kwetu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuandika kadi ndogo ya kuwekwa chini ya kila televisheni, na Mzee alikataa neno lolote ambalo mama wa sokoni angelazimika kuliuliza. Anga lililokatika mistari mistari badala ya kuteremka taratibu, nililiita matuta, kama ya viazi kwenye mteremko wa kilima. Ukungu unaozunguka mshumaa kwenye televisheni ambayo taa zake za ndani hazijui kuzima palipo na giza, niliuita moshi. Niliandika: Hii inafaa sebule yenye dirisha kubwa, mchana haishindwi na jua, lakini penye mishumaa inatoa moshi. Niliandika: Hii ni mpole, itazamwe pazia likiwa limefungwa, shangazi asikae pembeni. Sijawahi tangu hapo kuwa na wasomaji waaminifu kama wale. Walisimama na vikapu vyao wakasoma mpaka mwisho.

Lakini zilizofika dukani zilikuwa chache, kwa sababu ya mlango. Televisheni ingepita nyeupe, ingepita uso, tungefika mlangoni tukakuta giza, au tope la kijivu lenye vijipande vinavyotambaa kama siafu, na katikati yake kivuli kinachocheza midomo. Mzee alisogea mbele mpaka magoti yakagusa meza. Kisha alirudi kwenye sofa na kusema kwa upole ule ule, "Hii nayo inamficha." Chavala akairudisha kwenye boksi.

Kati ya chumba cha kijivu na duka palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na maneno ya wateja yalipita kama upepo. Nilimsikia mchungaji mmoja akiomba tivii yenye rangi kali, kwa sababu waumini wake wanalala. Niliwasikia mume na mke waliobishana kuhusu inchi mpaka mke akasema ukuta ni wake, baba yake ndiye aliyejenga. Nilimsikia mwalimu akiuliza kwa nini duka la Muhindi mzima lina rafu tupu, na Chavala akimjibu kwamba Mzee amekuwa kama baba mwenye binti mmoja, kila mchumba ana kasoro. Mara kwa mara simu ililia kutoka Mbeya. Alikuwa mtoto wa Mzee, ambaye alikuwa na duka lake huko. Walizungumza Kigujarati, lakini maneno Iringa na kufunga duka yalitoka kwa Kiswahili, na Mzee alijibu kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama amekula. Kula ndiko alikopunguza. Chakula chake kilikuja saa saba kwenye vibati vinavyopandana, chapati laini, dengu, achari ya embe inayokuna ulimi, na akafungua bati moja tu, mengine akayasukuma upande wetu. Mimi na Chavala tulinenepa mwaka ule. Tulikuwa tunakula huzuni ya mtu mwingine, na sitaficha kwamba ilikuwa tamu.

Sasa ninapoandika vitabu, watu huniuliza nani alinifundisha, na mimi hutaja walimu wa chuo kwa sababu ndilo jibu linalotegemewa. Ukweli ni kwamba nilifundishwa na mlango uliokuwa giza. Mchana baada ya mchana nilikaa kando ya mtu aliyetazama mahali pasipoonekana kitu, bila kukichukia kile kisichoonekana. Hakuwahi kupandisha sauti kwa televisheni. Hakuwahi kutuambia tunyamaze. Nilijaribu kumsaidia kwa maneno: labda anasema naja, Mzee, labda anasema subiri. Akafikiri. Akasema Hansa akisema naja alitikisa kichwa, na akisema subiri aliinua kidole, na hapa vyote viwili havionekani. Siku nyingine alisema labda alikuwa anasali. Alipenda jibu hilo, nililiona likimpasha joto, kisha akaliweka pembeni kama anavyoweka pembeni televisheni yenye filamu nzuri ya kiwandani.

Mvua za masika zilikuwa zinaisha ilipokuja televisheni moja nyembamba, ya bei ambayo hatukuizoea, na tangu ilipowaka tulijua ni nyingine. Weusi wake ulikuwa weusi wa kisima. Ili kuiacha ipate moto Chavala aliweka filamu ya kiwanda, asali na kinyonga, na mimi nilikuwa naitazama bila kuitazama, nikimenya karanga. Juu ya kona pakatokea kijibao kidogo chenye zile herufi tatu, kikakaa kidogo, kikafutika. Na kioo kizima kikavuta pumzi, mwanga ukainuka. Kisha Mzee akaweka ya Tosamaganga. Kijibao hakikutokea. Kioo hakikuvuta pumzi. Mlango ulikuwa na siafu wale wale.

Nikamwomba Mzee airudishe ile ya kinyonga. Kijibao kikaja. Nikaomba ya kanisani. Hakikuja. Mzee alisema kile kijibao ni matangazo tu, kiwanda kinajisifu, alikuwa amekiona kwenye nyingine nyingi. Nikasema, kama ni kujisifu, mbona kwa Mama Duka kinaona haya? Sikuwa na elimu yoyote zaidi ya hiyo. Chavala aliacha bisibisi yake. Alisema polepole kwamba labda televisheni haipewi kitu cha kuonyesha.

Tukampigia Bupe, simu imewekwa mezani ili wote tusikie. Aliuliza filamu ile Mzee aliipata kwa njia gani. Mzee akasema ni wewe mwenyewe uliyeituma, kwenye kundi la rambirambi, siku ya msiba. Upande wa pili Bupe akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshtuka.

"Mzee wangu, hayo ni makapi," akasema. "Nilituma haraka nikiwa na machozi, na video ikipita kwenye simu inabanwa ili ipite. Punje ilibaki huku kwangu."

Mzee aliuliza kama bado ipo. Bupe hakujua. Kazi zake za zamani aliziweka kwenye diski, na diski ikijaa alifuta za mwanzo ili harusi mpya zipate nafasi. Na msimu ule ulikuwa na harusi nyingi. Aliomba apewe muda atafute. Mzee alishukuru, akakata simu, akatoka kwenda dukani. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alikuwa amesimama mbele ya rafu zilizokuwa karibu tupu, mikono nyuma, akitazama nafasi zile moja moja.

"Nimezisingizia tivii za watu," akasema.

Siku za kusubiri zilikuwa za ajabu. Tuliuza balbu na waya za pasi. Mzee alikagua simu yake kama inaumwa. Mimi nilimwogopea, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa na televisheni zote za dunia za kulaumu, moja ikishindwa inakuja nyingine. Sasa kulikuwa na diski moja tu ya binti mmoja, na kama imefutwa, basi Mama Duka atabaki gizani na hakuna boksi litakalokuja kumtoa. Naye alilijua hilo. Asubuhi moja nilimkuta katika chumba cha kijivu, pazia limefunguliwa, jua limejaa, amekaa kwenye kigoda cha shangazi anatazama kioo kilichozimwa. Aliniuliza kama kwetu Wanyakyusa mtu akifa huachwa peke yake hata kidogo. Nikasema hapana, hukesha naye. Akasema kwao pia.

Bupe akapiga. Ipo. Alikuwa tayari kuiweka kwenye flashi na kumpa kondakta wa basi, jioni ingekuwa Iringa. Mzee akakataa. Vitu vya njiani vinapungua, alisema. Safari moja imeshamla mke wake, ya pili haitamgusa. Tungekwenda wenyewe. Na kwa kuwa hakuweza kungoja kurudi, tungekwenda na televisheni. Tuliifunga mablanketi kama mgonjwa, tukailaza nyuma ya pikapu, na Chavala akakaa nayo huko nyuma, koti mpaka masikioni, mkono juu ya boksi. Tulipita Mafinga kwenye ukungu wa misonobari, tukapita Makambako, tukashuka kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu ambako jua lilikuwa kali na maji yaling'aa vipande vipande, na Mzee, aliyekuwa anaendesha kama anabeba mayai, akasema bila kunitazama: nyeupe hapo, uso wa yule mama anayepalilia, na kivuli cha mti. Tivii gani ingeweza hiyo? Nikasema bado haijatengenezwa. Akafurahi.

Nyumba ya Bupe ilikuwa Uyole, na mama yake alitupokea kwenye kizingiti kwa magoti nusu na salamu ya "Mwagonile," akatuketisha kwenye sofa zenye vitambaa vya kufuma, akaleta chai na sahani ya vitumbua vya moto vilivyonukia iliki. Mimi na Chavala tukashika viwili viwili. Mzee alichukua chai tupu. Mama Bupe akasikitika, akadhani vimepoa. Mzee akaeleza kwa adabu kwamba siku ile ilikuwa ya mfungo wao, unaokuja mara mbili kila mwezi, na hawagusi nafaka, hasa mchele, mpaka kesho yake. Tangu ndoa yao, alisema, yeye na Mama Duka hawakuruka hata mmoja. Hata ile jubilei ya sista iliangukia siku ya mfungo. Masista walipika pilau ya kuita majirani, na wao wawili wakala ndizi mbivu na kurudi nyumbani na njaa yao. Bupe, aliyekuwa anachomeka flashi, aliinamisha kichwa kana kwamba tundu la kuchomekea limehama.

Ukuta ulikuwa wa waridi. Mzee aliutazama mara moja, akauvumilia. Tukaziba dirisha kwa yale mablanketi ya safari, Chavala akishika pembe moja kwa mkono kwa sababu misumari haikutosha. Televisheni ilikuwa juu ya meza ya chakula. Hatukuiacha ipate moto.

Kijibao kikaja kwenye kona. Kioo kikavuta pumzi.

Sista mzee alitoka kwanza, na shela yake ilikuwa nyuzi, ungeweza kuzifuata kwa sindano. Waimbaji wakafuata, na kila mmoja alikuwa na uso wake, mmoja mweusi wa bluu, mmoja wa kahawa, jasho limekaa juu ya mdomo wa yule wa mwisho kama ushanga. Na nyuma yao mlango ukafunguka. Sijui namna nyingine ya kusema. Ulikuwa wazi tangu mwanzo, lakini sasa ndani yake kulikuwa na ndani: viti vya mbao, nguzo, taa nyekundu mbali kabisa, na hapa karibu mwanamke mnene kidogo mwenye sari ya kijani, nywele zimetoka kwenye kifundo, kandambili mkono wa kushoto. Sauti ya Mzee ikaita kutoka uani. "Hansa!" Akainua uso. Macho yalikuwa makubwa, ya mtu aliyefumwa. Shavu moja lilikuwa limejaa. Mkono wa kulia ulikuwa na kipande cha gazeti, kimelowa mafuta mpaka kinang'aa kwenye kivuli, na midomo ilikuwa inakwenda haraka, haraka, haraka. Kisha filamu ikakatika.

Mzee aliomba irudiwe. Bupe akarudisha. Alisogea mpaka magoti yakagusa meza, kama kawaida yake, akatazama, na hakurudi kukaa.

"Anatafuna," akasema.

Bupe akasema kwa sauti ndogo, macho kwenye rimoti, "Nilimpa mimi, Mzee. Nilikuwa na vitumbua kwenye mkoba, vya mama. Aliniomba nisikwambie." Mama yake akamwita jina kwa ukali, Bupe, mara moja tu.

Nilidhani Mzee anakohoa. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, mkono umeshika ukingo wa meza, na ilichukua muda kabla hatujajua ni kicheko, kikavu, cha mtu ambaye amepoteza mazoezi. Alisema neno kwa Kigujarati, akalitafsiri mwenyewe: mwizi. Alisema siku ile alikaa na njaa mpaka kichwa kikamuuma, na aliona aibu kulalamika kwa sababu mkewe alikuwa anavumilia vizuri sana, anatabasamu, hana hata dalili. Hana dalili, akarudia, na safari hii machozi yalishuka mpaka kwenye kola ya sweta na hakuyafuta. Chavala, ambaye bado alikuwa ameshika blanketi dirishani, aligeuza uso ukutani. Kwenye kioo Mama Duka alikuwa ameganda, macho makubwa, shavu limejaa, anang'aa mdomoni kwa mafuta.

Mzee Kanti alinyoosha mkono kwenye sahani bila kuiangalia. Alichukua kitumbua, akakiuma katikati, akatafuna huku anamtazama mkewe. Mama Bupe alifungua mdomo ili amkumbushe mfungo, kisha akaufunga. Nusu ile nyingine Mzee aliielekeza kwenye kioo, kama mwalimu anayeonyesha kwa fimbo, akasema kitu ambacho ilibidi akirudie, maana mdomo ulikuwa umejaa.

"Ndiyo maana," alikuwa anasema. "Ndiyo maana hakunijibu."